"Refugee" na "Returnee" Mudende: Uhakiki wa Maana na Tafsiri ya Maneno Mawili ya Kiingereza katika Kiswahili cha Sera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maana za maneno mawili ya Kiingereza, "refugee" na "returnee", na namna yanavyoingizwa katika Kiswahili cha sera, habari na utawala katika eneo la Maziwa Makuu. Mfano mkuu ni Mudende, Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ambako mwaka 1997 watu waliokuwa wametoka Masisi na sehemu nyingine za Kivu Kaskazini waliuawa wakiwa kambini. Hoja ya msingi ni kwamba tofauti ya maneno haya haiishii katika mwelekeo wa safari. Kila neno hubeba hukumu kuhusu mahali palipo kwao mtu. Aidha, neno "returnee" huficha tofauti kati ya mtu aliyerejea na mtu aliyerejeshwa, tofauti ambayo sarufi ya Kiswahili huidhihirisha yenyewe. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya istilahi na ya utaratibu wa tafsiri kwa vyombo vya kanda.

Istilahi muhimu: mkimbizi, mrejea, mrejeshwa, uraia, Mudende, tafsiri ya sera

1.0 Utangulizi

Katika nyaraka za misaada ya kibinadamu, maneno "refugee" na "returnee" hutumiwa kana kwamba ni milango miwili ya nyumba moja: mmoja wa kutokea, mwingine wa kuingilia. Anayetoka ni wa kwanza, anayerudi ni wa pili. Mfasiri wa Kiswahili akikutana na "refugee" huandika "mkimbizi" bila kusita. Akikutana na "returnee" hutafuta njia: mara huandika "mkimbizi aliyerejea", mara "mrejea", mara hutumia kirai kizima kama vile "watu waliorudi makwao". Kusitasita huko kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu wa msamiati. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Kusitasita huko ni ishara kwamba Kiswahili kimekutana na neno ambalo halijasema kila linalopaswa kusema.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba mikataba, taarifa na fomu zinazohusu watu wanaovuka mpaka wa Goma na Gisenyi zitazidi kuandikwa kwa Kiswahili, au angalau kusomwa kwa Kiswahili. Istilahi itakayozoeleka sasa ndiyo itakayotumika kuwapanga watu hao kesho.

Uchambuzi unaongozwa na mawazo mawili ya semantiki. La kwanza ni ukinyume wa mwelekeo, uliojadiliwa na John Lyons katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1977: jozi kama vile kwenda na kuja, au kupanda na kushuka, hupata maana kwa kurejelea nukta fulani isiyohama. La pili ni dhana tangulizi, yaani jambo ambalo neno hulichukua kuwa limekwisha kukubalika kabla ya sentensi kuanza. Anayesema "amerudi" hadai kwamba mtu huyo alipata kuwapo pale kabla. Analichukulia hilo kuwa linajulikana. Ni vigumu kulibishia jambo ambalo halikudaiwa waziwazi.

2.0 Asili na Umbo la Maneno Mawili

Neno "refugee" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, likihusishwa hasa na Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza na kwingineko baada ya Mfalme Louis wa 14 kulifuta Agizo la Nantes mwaka 1685. Shina lake ni jina la mahali pa usalama. Kwa hiyo, kwa umbo lake, "refugee" ni mtu aliyepata kimbilio. Jina lake halitokani na moto aliouacha nyuma bali na paa alilolipata mbele. Ndiyo maana neno hili lilikaa vizuri katika sheria: tangu mwanzo lilihusisha mtu na mwenyeji wake, na mwenyeji hulazimika kujiuliza ana wajibu gani.

Neno "returnee" ni changa kwa kulinganishwa na lile la kwanza. Lilienea katika karne ya 20, likitumiwa kwa askari waliorudi kutoka vitani ng'ambo, kisha likachukuliwa na mashirika yanayoshughulikia watu waliokimbia makwao. Limeundwa kwa kitenzi cha Kiingereza chenye nyuso mbili. Kitenzi hicho kinaweza kumaanisha kurudi, na kinaweza kumaanisha kurudisha. Kiambishi tamati chake nacho kina nyuso mbili: katika maneno mengi ya Kiingereza humtaja mtendwa, kama vile anayeajiriwa au anayelipwa, lakini katika mengine humtaja mtenda, kama vile aliyetoroka. Matokeo yake ni neno ambalo kwa umbo halisemi iwapo mtu alirudi au alirudishwa. Aliyefunga mizigo yake baada ya kusikia kwamba kijijini kuna amani, na aliyepakiwa kwenye lori chini ya mtutu wa bunduki, wote wawili ni "returnee".

Hapa ndipo jozi hii inapoacha kuwa jozi ya kawaida ya ukinyume. "Refugee" hutazama mahali pa kufikia na kuuliza iwapo mtu amelindwa. "Returnee" nalo hutazama mahali pa kufikia, lakini haliulizi chochote. Linatangaza kwamba hapo ni kwao. Neno la kwanza hufungua jalada la mtu, la pili hulifunga.

3.0 Maneno Haya katika Sheria

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika mikataba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Hadhi ya Wakimbizi wa mwaka 1951 unamfafanua mkimbizi kwa kina: awe nje ya nchi ya uraia wake, awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu zilizotajwa, na asiweze au asitake kujiweka chini ya ulinzi wa nchi hiyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliupanua ufafanuzi huo ili kuwajumuisha wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma. Kwa upande wa "returnee", hakuna ufafanuzi kama huo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Linalotajwa ni tendo, si mtu. Ibara ya 5 ya Mkataba wa 1969 inasisitiza kwamba urejeaji uwe wa hiari katika kila hali, na kwamba mkimbizi asirejeshwe kinyume cha matakwa yake.

Mkataba huo wa 1969 una kifungu kingine kinachogusa mada hii moja kwa moja. Ibara ya 2 inazitaka nchi zinazotoa hifadhi, kwa sababu za usalama na kadiri inavyowezekana, ziwaweke wakimbizi katika umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka. Kifungu hicho kinamhusu anayeitwa mkimbizi. Anayeitwa mrejea hana "nchi alikotoka" katika maana hiyo. Kwa mujibu wa jina lake, amefika kwao, na kwao kunaweza kuwa mita chache kutoka mpakani. Jina moja, basi, linaleta wajibu wa kumsogeza mtu mbali na hatari, na jina jingine linaufuta wajibu huo kimyakimya.

Tanzania inatoa mfano wa karibu. Mapema Desemba 1996, serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ziliwatangazia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa katika kambi za Ngara na Karagwe kwamba wote walitarajiwa kurudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na kuelekezwa mpakani. Walipovuka daraja la Rusumo waliandikwa kwa neno lilelile la Kiingereza wanaloandikiwa waliorudi kwa ridhaa. Mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali kaskazini-magharibi mwa Tanzania, walikuwamo watu walioishi huko kwa miongo kadhaa na wengine waliozaliwa huko. Nao walipofika Rwanda waliingizwa katika taarifa za Kiingereza kwa jina hilohilo. Mtu aliyezaliwa Karagwe akaitwa "aliyerudi" katika nchi ambayo hakuwahi kuiona.

4.0 Mudende: Watu Walewale, Majina Mawili

Mudende ni sehemu ya nyanda za juu za Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, chini ya safu ya volkano za Virunga. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Gisenyi. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1994 lilijulikana zaidi kwa Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Baada ya hapo jina lake lilifungamana na kambi.

Waliokuwa kambini walitoka Kivu Kaskazini, hasa Masisi na Rutshuru. Walikuwa wasemaji wa Kinyarwanda, na historia ya kufika kwao au kwa wazee wao upande wa Kongo haikuwa moja. Katika Rutshuru zilikuwako jamii za wasemaji wa Kinyarwanda kabla wakoloni hawajachora mpaka. Masisi ilipokea makumi ya maelfu ya watu waliohamishwa kutoka Rwanda kwa mpango wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kati ya miaka ya 1937 na 1955, ili wapate ardhi na mashamba yapate wafanyakazi. Baada ya mwaka 1959 waliongezeka waliokimbia machafuko ya Rwanda. Watu wa makundi haya matatu waliishi pamoja, wakaoana, wakafuga katika malisho yaleyale.

Sheria ya uraia iliwayumbisha. Sheria ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa Wazaire wale waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaufuta utambuzi huo. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio lililowachukulia wengi wao kuwa wageni wanaopaswa kurudishwa. Vurugu za Masisi, zilizokuwa zimeanza mwaka 1993 na kuongezeka makali baada ya wanajeshi na wanamgambo walioshindwa Rwanda kuingia Kivu mwaka 1994, ziliwasukuma maelfu kuvuka kuingia Gisenyi katika miaka ya 1995 na 1996.

Walipovuka, swali la jina lilikuwa limekwisha kujibiwa na waliowafukuza. Katika mantiki ya azimio la 1995, watu hawa hawakukimbia. Walikuwa wamerudi kwao. Kuwaita "returnee" kungekuwa kulipitisha azimio hilo kwa mara ya pili, safari hii kwa kalamu ya mhudumu wa misaada. Kuwaita "refugee" kulikuwa kusema kwamba ni Wazaire, kwamba wana nchi, mashamba na makaburi ng'ambo ya mpaka, na kwamba siku moja wana haki ya kuyarudia. Jina la pili ndilo lililoshika, na watu hao wakaandikishwa kuwa wakimbizi. Hata hivyo mazingira yaliyowazunguka yalikuwa yamejaa jina la kwanza. Rwanda yenyewe ilikuwa imepokea tangu 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wa uhamisho wa mwaka 1959 na miaka iliyofuata, ambao mashirika yaliwaita warejea wa zamani, ingawa wengi wao walizaliwa Uganda, Burundi, Tanzania au Zaire. Kisha kuanzia tarehe 15 Novemba 1996, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa katika kambi za Kivu walimiminika kupitia mpaka wa Gisenyi kwa siku chache. Hao waliitwa warejea wapya.

Kwa hiyo katika mkoa mmoja, ndani ya mwaka mmoja, walikutana watu wa aina tatu ambao lugha yao ilikuwa moja na barabara waliyopita ilikuwa moja: warejea wa zamani waliofika mahali wasipopafahamu, warejea wapya waliorudi mahali walipopafahamu vizuri, na wakimbizi ambao nchi waliyotoka iliwakana. Miongoni mwa waliorudi Novemba 1996, au nyuma yao, walipenya pia watu wenye silaha waliokuja kujulikana kwa Kinyarwanda kuwa abacengezi, na kaskazini-magharibi mwa Rwanda kukawa uwanja wa vita katika miaka ya 1997 na 1998.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa na zaidi ya watu 100 wakauawa. Wakimbizi walibaki palepale. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 1997 ilishambuliwa tena, na safari hii waliouawa walihesabiwa kwa mamia. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba, mbali na mpaka wa Kongo. Kambi ya Gihembe ilidumu zaidi ya miaka 20 hadi ilipofungwa mwaka 2021 na wakazi wake kupelekwa Mahama, Wilaya ya Kirehe.

Itakuwa kosa kudai kwamba neno ndilo lililoua. Waliouawa waliuawa na watu wenye silaha, kwa sababu ya ukabila. Lakini uhakiki wa maana una swali lake halali. Kama watu wa Mudende walikuwa wakimbizi kwa maandishi, Ibara ya 2 ya Mkataba wa 1969 ilitaka wawe katika umbali wa kutosha kutoka mpakani, na baada ya Agosti tahadhari ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa damu. Kuhamishwa kwao kulifanyika baada ya shambulio la pili. Kati ya mashambulio hayo mawili kuna pengo la karibu miezi minne, ambamo watu waliitwa wakimbizi huku wakikaa walipo kana kwamba walikuwa wamefika kwao.

5.0 Kiswahili Mbele ya Jozi Hii

5.1 Mkimbizi na kimbilio

Tofauti na "refugee", neno "mkimbizi" halitokani na mahali pa usalama bali na tendo la kukimbia. Umbo lake ni la kawaida katika nomino za mtenda: kama "mnunuzi" linavyotokana na kununua, na "mjuzi" linavyotokana na kujua, ndivyo "mkimbizi" linavyotokana na kukimbia. Konsonanti ya kale iliyopotea katika kitenzi hugeuka kuwa sauti /z/ mbele ya kiambishi tamati cha mtenda, na hujitokeza kuwa /l/ katika kauli ya kutendea: kimbilia, kimbilio. Mkimbizi na kimbilio, basi, ni ndugu wa shina moja, lakini Kiswahili kimemtaja mtu kwa miguu yake na kukiacha kimbilio kijitegemee. Kinyarwanda kinafanana nacho: impunzi hutokana na guhunga, yaani kukimbia, na mahali pa kukimbilia ni ubuhungiro.

Athari yake katika sera si ndogo. "Mkimbizi" hueleza alichofanya mtu, wala hakimwambii msikilizaji anachodaiwa. Ndiyo maana katika Kiswahili cha kila siku neno hili humganda mtu hata baada ya hadhi yake ya kisheria kubadilika. Waburundi waliokimbia mwaka 1972 na kupewa uraia wa Tanzania waliendelea kuitwa "wakimbizi wa zamani". Nchini Kenya, waliofukuzwa mashambani mwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliitwa "wakimbizi wa ndani", ingawa hawakuvuka mpaka wowote. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hakuna ukinzani hapo, kwa kuwa walikimbia kweli. Kwa mwanasheria kuna ukinzani, kwa kuwa "refugee" wa mikataba lazima awe nje ya nchi yake.

5.2 Kurudi, kurejea na kwao

Vitenzi viwili vikuu vya Kiswahili kwa tendo la pili, rudi na rejea, vyote vina asili ya Kiarabu. Rudi ina historia ya kuvutia. Katika Kiarabu kitenzi chake hueleza kukirudisha kitu. Katika Kiswahili kimekuwa kitenzi cha mtu anayerudi mwenyewe, lakini kimehifadhi pia maana ya kuonya na kuadhibu, kama mzazi anavyomrudi mtoto. Rejea haina mzigo huo, na kwa sababu hiyo inafaa zaidi katika lugha ya sera.

La muhimu zaidi ni mfumo wa kauli. Kiswahili hakimruhusu msemaji kuuficha mkono uliomsukuma mtu. Ni lazima achague: amerejea, au amerejeshwa, amerudi, au amerudishwa. Mfasiri anayekutana na "returnee" katika taarifa ya Kiingereza hujikuta akiulizwa na sarufi ya lugha yake swali ambalo mwandishi wa taarifa hakuulizwa na sarufi yake. Kirai "mkimbizi aliyerejea", kinachotumika sana katika habari, humjibu kwa haraka mno. Humpa mtu hiari ambayo huenda hakuwa nayo, na wakati huohuo humwachia jina la ukimbizi ambalo kisheria limekwisha.

Kiswahili kina pia neno dogo lenye nguvu kubwa: kwao. "Wamerudi kwao" ni sentensi ya habari. "Rudini kwenu" ni sentensi ya matusi, na kila mtu wa mipakani ameisikia. Kitenzi ni kilekile. Methali husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini methali hiyo ni ya baharia ambaye ngama yake inajulikana na mabaharia wote. Kwa mtu wa Masisi ambaye babu yake alihamishwa na Wabelgiji mwaka 1937, kinachobishaniwa ni ngama yenyewe.

5.3 Funzo la Kinyarwanda na Kirundi

Lugha jirani zinaonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa kwa njia nyingine. Kinyarwanda kina gutaha, kwenda nyumbani, na gutahuka, kurudi katika nchi ya mtu kutoka uhamishoni. Kina pia gucyura, kumrejesha mtu au mifugo nyumbani, kitenzi kinachotumika katika kirai gucyura impunzi. Hapo mtenda na mtendwa hutengana kama katika Kiswahili. Zaidi ya hayo, Kinyarwanda na Kirundi vina guhunguka, kitenzi cha kauli ya kutendua kinachotokana na guhunga. Kama kufungua kunavyotendua kufunga, guhunguka hutendua kukimbia. Nchini Burundi waliorudi kutoka ukimbizini huitwa abahungutse.

Tofauti kati ya gutahuka na guhunguka inastahili kuzingatiwa na watunga sera. Gutahuka hubeba nyumbani ndani yake. Guhunguka hubeba tu ukweli kwamba mtu alikuwa amekimbia na sasa kukimbia kwake kumekoma. Kwa watu ambao uraia wao unabishaniwa, neno la pili ni la haki zaidi, kwa kuwa halitoi hukumu juu ya kwao kabla ya hukumu kutolewa na chombo kinachohusika. Kiswahili kina kauli ya kutendua, lakini hakijaitumia kwa kitenzi kukimbia, na hakuna haja ya kulazimisha umbo lisilosemwa. Kinachohitajika ni kuiga busara hiyo kwa maneno yaliyopo.

6.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba hiari na shuruti haviachani kwa mstari ulionyooka. Mtu hurudi kwa sababu mgao wa chakula umepunguzwa, kwa sababu amesikia shamba lake limevamiwa, au kwa sababu amechoka. Hoja hii ni ya kweli, lakini haihalalishi neno linaloificha tofauti yote. Pale ambapo ukweli haujajulikana, Kiswahili kina vitenzi visivyoegemea upande: waliovuka, waliofika, waliopokelewa.

Hoja ya pili ni kwamba kuwa na istilahi mbili pale Kiingereza kina moja kutavuruga takwimu za mashirika. Mfano wa hivi karibuni unatosha kuijibu. Mwezi Mei 2025, miezi michache baada ya Goma kutwaliwa na M23, mamia ya watu walivushwa kutoka Goma kuingia Rwanda, na katika taarifa za Kiingereza waliitwa Wanyarwanda waliorejea. Juni mwaka huo shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba M23 ilikuwa imewahamisha watu kwa nguvu, wakiwamo raia wa Kongo. Takwimu inayowaweka wote hao katika safu moja huenda imejumlishwa sawasawa, lakini haimwambii msomaji jambo linalobishaniwa.

Hoja ya tatu ni kwamba jina halibadilishi hali. Watu wa Mudende walipewa jina sahihi na bado waliuawa. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake si la kiisimu tu. Jina sahihi lilitengeneza wajibu ulioweza kudaiwa. Kushindwa kuutimiza kunaweza kutajwa leo kuwa ni kushindwa kwa sababu jina hilo lipo katika kumbukumbu. Lau wangeandikwa kuwa warejea, kusingekuwa na kifungu cha kushika.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba "refugee" na "returnee" si pande mbili za safari moja. La kwanza lina ufafanuzi wa mikataba na hudai ulinzi; la pili halina ufafanuzi katika mikataba hiyo, huchukulia kwamba makao yanajulikana, na huficha mtenda. Katika eneo ambalo mpaka ulichorwa juu ya vijiji, na ambalo sheria za uraia zimegeuka mara kadhaa hadi ile ya Kongo ya mwaka 2004 iliyoyatambua makabila yaliyokuwapo wakati wa uhuru, neno la pili linaweza kuwa azimio la kisiasa lililovaa nguo za takwimu.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, "mrejea" na wingi wake "warejea" litengwe kwa mtu aliyerudi kwa uamuzi wake katika nchi ambayo uraia wake haubishaniwi. Pili, "mrejeshwa" na "warejeshwa", kwa umbo la mfungwa na mtumwa ambalo Kiswahili kinalijua vyema, litumike kwa mtu aliyerudishwa na mamlaka au nguvu nyingine. Kwa mtu aliyepelekwa katika nchi isiyothibitishwa kuwa yake, lisitumike lolote kati ya hayo. Aandikwe kuwa aliyehamishiwa au aliyefukuzwa. Tatu, mfasiri apewe mamlaka ya kuuliza. Mwongozo wa tafsiri wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wa mabaraza ya kitaifa uagize kwamba, pale matini ya Kiingereza inapotumia "returnee" bila kueleza hiari, mfasiri amrudishie mwandishi swali hilo kabla ya kutafsiri. Nne, kirai "mkimbizi aliyerejea" kiepukwe katika maandishi rasmi, kwa kuwa hubakiza hadhi iliyokoma na kudai hiari isiyothibitishwa.

Baadhi ya walioandikishwa Mudende wakiwa watoto sasa ni watu wazima wenye watoto waliozaliwa Gihembe. Mwaka 2010 serikali za Rwanda na Kongo zilitia saini na UNHCR makubaliano ya pande tatu kuhusu urejeaji wa wakimbizi, na suala hilo limeendelea kurudi mezani. Siku watakapovuka kwenda Masisi, ambako vijana wao hawajawahi kukanyaga, fomu itahitaji neno. Wataalamu wa Kiswahili wana muda wa kuhakikisha kwamba neno hilo litauliza kwanza nani ameamua safari hiyo.